Anayefungwa Analipa

Karani wa sensa alifika kwetu asubuhi ya tarehe 23 Agosti 2022, viatu vina tope, kishikwambi amekificha ndani ya koti kisilowe. Tukuyu mvua haijali kwamba ni kiangazi. Alipofika kwenye swali la kazi nikamjibu, "Mwalimu." Baba alikuwa mlangoni ananoa panga. Hakuinua kichwa.

"Andika ana banda la gemu," alisema. "Ualimu uko kwenye cheti."

Karani alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2020, hisabati na jiografia. Nilituma maombi ya ajira mara mbili, jina halikutoka. Januari 2022 baba akauza dume moja ili nianze maisha. Kwetu Unyakyusa ng'ombe ndiyo mahari, ndiye anayechinjwa msibani. Hauzwi kwa sababu kijana amechoka kukaa nyumbani. Baba alimuuza na hakusema neno. Nilipanga chumba cha bati karibu na stendi, nikanunua PS2 mbili zilizotumika, televisheni mbili za chogo, padi nne na mabenchi.

PS2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000 na ikaacha kutengenezwa 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Wateja wangu wengi walizaliwa baada yake. Kwenye diski zangu Van Persie alikuwa bado anafunga mabao Manchester United, wakati huko duniani alishastaafu. Hakuna aliyejali. Nje mvua inapiga bati mpaka husikii mtangazaji, ndani kuna joto la vijana ishirini na televisheni mbili. Mwezi wa saba, baridi ya Rungwe inapokuwa kali, wengine walikuja kwa ajili ya joto hilo tu.

Sheria ilikuwa moja: anayefungwa analipa na kunyanyuka, mshindi anabaki. Mechi shilingi 200. Sare, penalti. Kwa hiyo mchezaji mzuri angeweza kukaa saa nzima bila kutoa hata senti. Aliyenilipia kodi ya chumba na umeme wa Luku ni yule asiyejua kucheza. Kila mechi niliandika kwenye daftari jina la aliyefungwa, na kama amelipa au nadai. Washindi hawamo humo.

Jina lililojaa kuliko yote ni la kijana wa kidato cha pili ambaye wenzake walimwita Kipa, kwa sababu kila mpira uliopigwa langoni kwake uliingia. Machi, wiki moja, niliandika jina lake mara 19. Juni lilikuwa linatokea mara saba kwa wiki. Agosti, mara mbili. Ukifungua kurasa hizo kwa mfululizo unamwona mtu akijifunza.

Na nilimsaidia. Siku moja aliniambia kwamba jamaa mmoja wa bodaboda, kwenye penalti, hupiga kushoto mara tatu katika kila nne. Aligundua mwenyewe. Nikachukua kalamu, nikamwonyesha nyuma ya daftari kwamba jambo hilo linaitwa uwezekano, na namna ya kuliandika kwa sehemu. Alielewa papo hapo. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne. Kola nyeupe ya shule ilikuwa inachungulia chini ya sweta lake. Niliiona. Mechi iliyofuata alifungwa, nikapokea mia mbili.

Mama yake alikuja Septemba, ametoka sokoni kuuza ndizi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Sijui nani alimwambia mimi ni mwalimu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, vijana wakatoka mmoja mmoja, kisha akasema, "Nisomee daftari. Jina la mwanangu tu."

Nilisoma, tukajumlisha pamoja. Mechi 163. Shilingi 32,600.

"Hela nilikuwa nafunga kwenye pindo la kanga," alisema. "Kila jioni nahesabu, haitimii. Mimi nilidhani nimeanza kusahau kuhesabu."

Nilimwambia nitarudisha. Akauliza ninarudisha kwa hela ya mtoto wa nani. Sikuwa na jibu. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kwenye mvua.

Kesho yake nilibandika karatasi mlangoni: mwanafunzi haruhusiwi kabla ya saa tisa alasiri, na sare hairuhusiwi kabisa. Mapato ya siku yalishuka karibu nusu. Hapo ndipo nilipojua, kwa hesabu, kwamba nusu ya banda langu ilikuwa darasa la mtu mwingine. Nilimwambia Kipa aje nyumbani jioni nimfundishe bure mpaka mtihani wa Novemba. Alikuja siku sita. Baadaye nikasikia yuko kwenye banda jingine, huko juu, ambako hakuna karatasi mlangoni.

Novemba radi iliunguza televisheni moja. Kombe la Dunia likaanza Qatar, vijana wakahamia vibanda umiza kumwangalia Messi wa kweli. Desemba nikafunga. Kijana mmoja wa Kiwira alinunua vyote vilivyobaki kwa bei ya ndama.

"Dume limerudi?" baba aliuliza.

"Halijarudi."

Akaendelea kula.

Vile vishikwambi vya sensa baadaye viligawiwa kwa walimu. Mimi bado natuma maombi, na kwenye nafasi ya uzoefu wa kazi mwaka 2022 nauacha wazi. Rafiki yangu wa Dar es Salaam anacheka, ananishauri niandike nilikuwa kwenye tasnia ya michezo ya video. Si uongo.

Daftari ninalo, chini ya godoro. Nimelijaza tarehe na majina ya watoto kwa miezi kumi na miwili, wengi wao saa za masomo. Ndilo daftari la mahudhurio pekee nililowahi kulitunza.