Mwana wa Nani?

Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma riwaya ya Ralph Ellison, Invisible Man, iliyotoka Marekani mwaka 1952. Msimulizi wake hatajwi jina. Aishi katika chumba cha chini ya ardhi pembezoni mwa Harlem, ameizungushia nafsi yake taa 1,369, kwa kuwa watu humtazama wasimwone. Nilimhurumia kwa mbali, kama ahurumiwavyo mgonjwa wa nchi nyingine.

Miaka ilipita, nikakisoma Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi sitahani mwa meli itokayo Mwanza kwenda Nansio. Mwandishi huyo alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Riwaya yake ilitoka mwaka 1974. Wahakiki humtaja pamoja na Camus na Sartre, wala hawakukosea, maana humo maisha yenyewe yaulizwa kama yana maana yoyote. Walakini naona baadhi yao wamevuka bahari mapema mno, kabla hawajavuka ziwa.

Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, hakumezwa na mji mkubwa. Yuko kwao. Ana jina, ana wazazi, na kila akutanaye naye humwamkia. Basi upweke wake watoka wapi? Yule wa Harlem haonekani. Huyu aonekana na wote, lakini wamwonaye ni kijana aliyeondoka zamani, au msomi wa kujivunia, na yeye si huyu wala si yule. Salamu zile zile zilizomlea ndizo zimchomazo. Elimu ilimtoa penye imani ya wazee isimpe nyingine ya kushika. Yule wa Ellison, mwishoni, aazimia kutoka shimoni. Kazimoto ajiua. Nilipofika hapo niliinua macho nikayatazama maji kwa muda mrefu, nikaona kwamba mgonjwa niliyemhurumia zamani hakuwa wa nchi nyingine.

Mama alikuwa akiningoja bandarini. Baada ya kuamkiana aliniuliza kitabu kile chasema nini. Nilitafuta maneno ya Kikerewe ya kumweleza, nisiyapate. Lugha hiyo ndiyo niliyoinyonya kwake. Nikamwambia ni habari za kijana mmoja wa papa hapa kisiwani, aliyesoma sana, kisha akajiua.

Mama alisimama.

“Masikini! Mwana wa nani?”

Nikauchukua mzigo, tukaanza kupanda njia.