Mzigo na Kilele

Kila safari ndefu ina watu wa namna mbili: yule aendaye kwa haja yake, na yule aendaye kwa haja ya mwenzake. Wa kwanza huitwa msafiri, naye hurudi akasimulia. Wa pili huitwa mpagazi, naye hurudi akanyamaza. Jina lake latokana na kitenzi kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani, na katika karne ya 19 biashara kubwa ya nchi hii ilikwenda kwa nguvu ya bega hilo.

Mimi nakaa Tabata, na sehemu moja ya mtaa wetu huitwa Relini. Reli iliyoipa sehemu hiyo jina ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilielekea kule kule ilikoelekea misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Katika misafara ile kirangozi alitangulia na bendera, mnyapara akasimamia watu, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakachukua nguo, shanga na pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Garimoshi lilipofika, mabega yale yalipumzika. Yamkini msomaji atadhani kwamba kazi ya upagazi ilikwisha hapo. Haikwisha. Ilipanda mlimani, mahali ambapo gurudumu halifiki.

Waingereza wanalo neno ambalo asili yake ni msafara wa jangwani, na ambalo leo kwao lina maana ya nyumba ya magurudumu inayovutwa na motokaa. Huko Australia watu huzivuta nyumba hizo hadi nchi ya milima iliyo kusini-mashariki, wakavua samaki, wakatembea nyikani, na usiku wakalala juu ya vitanda vyao wenyewe. Mlima mrefu kupita yote ya bara lile, Kosciuszko, una mita 2,228. Kwetu, kituo cha kwanza tu cha njia ya Marangu katika Kilimanjaro, kiitwacho Mandara, kiko karibu mita 2,700, juu zaidi ya kilele hicho, na hapana nyumba ya magurudumu inayoweza kufika huko. Basi kwao neno la msafara limegeuka chombo. Kwetu msafara ungali watu.

Nilipowaambia jirani zangu kwamba nakwenda kuupanda mlima huo, mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wanaopanda si hulipwa? Wewe walipa ili uteseke?" Tulicheka sote, lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko kicheko chetu. Kweli, katika mlima ule mmoja hulipa ili apande, na mwingine hupanda ili alipwe, na njia yao ni moja.

Siku ya kwanza tulipita msituni, penye ukungu na miti yenye ndevu za kuvu. Siku ya pili miti ilikwisha, tukaingia katika nyika ya majani na vichaka, na baridi ambayo mtu wa Pwani hana nguo yake. Wapagazi walitupita asubuhi, mizigo i vichwani na migongoni. Tulipofika Horombo alasiri, tuliwakuta wamekwisha kuteka maji na kuinjika vyungu. Sisi tulikuwa karibu mikono mitupu, tena hoi. Wao walikuwa na mizigo, na walikuwa wakiimba. Wenyewe hujiita wagumu, na jina hilo halina majivuno ndani yake.

Kijana aliyechukua mzigo wangu alikuja kuniamkia jioni. "Shikamoo, mwalimu." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwuliza amefika kileleni mara ngapi. Alitabasamu. "Kibo nimefika mara nyingi, mwalimu, sina hesabu. Kileleni sijafika hata siku moja. Mzigo unaishia kituoni, na mimi naishia pale unapoishia mzigo."

Maneno hayo yana historia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na vitabu vya dunia nzima vikaandika majina yao. Lakini katika kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,000, alibaki mtu wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani, akilinda na kupika. Bila ya kambi hapana kilele. Meyer mwenyewe alimtaja katika kitabu chake. Wasimulizi wengi waliokuja baadaye wamemsahau. Kilele kile kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani, na mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge huko juu, pakaitwa Uhuru. Jina hilo ni tukufu. Walakini jina la kilele halimtui mtu mzigo.

Mimi nilifika huko, mita 5,895, wakati jua linachomoza, na langoni nilipewa cheti chenye jina langu. Kijana wangu hakupewa cheti. Alipewa mzigo mwingine.

Sisemi kazi hii iondolewe. Mwaka 2019, serikali iliposema inafikiria kuweka magari ya kuning'inia katika waya ili kupandisha watalii, wapagazi walikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa kuogopa kupotewa na riziki. Mtu hapendi kupokonywa mzigo ikiwa chakula cha watoto wake kimo ndani yake. Ninalolisema ni dogo kuliko hilo, tena ni gumu zaidi: kwamba mzigo upimwe kwa haki. Kanuni ya hifadhi yasema mpagazi asichukuzwe zaidi ya kilo 20, na mizani iko langoni. Ukilinganisha na frasila mbili za zamani, hayo ni maendeleo. Lakini mizani hupima mzigo tu; haipimi ujira, wala chakula, wala blanketi la usiku wa Kibo. Msafiri atafutaye bei ndogo kupita zote na ajiulize kwanza ni bega la nani litakalolipa upungufu.

Nasi tunaofundisha lugha tuna deni letu. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, na wanafunzi wanayasoma hata leo. Ni maisha ya mwenye msafara. Maisha ya waliouchukua msafara ule yamekwenda nao kaburini. Warithi wao wa mlimani wangali hai, wana ndimi na wana kumbukumbu, na umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Marangu ni safari ya siku moja kwa basi. Mwanafunzi atakayekwenda huko na daftari asianze kuuliza habari za theluji. Aanze kwa kumwuliza mpagazi jina lake, aliandike kwa usahihi, kisha aketi asikilize.