Milioni 15 za Katwe

Filamu ya Queen of Katwe iligharimu dola milioni 15 kutengenezwa. Ilipotoka mwaka 2016, tiketi zake dunia nzima ziliingiza takriban dola milioni 10.4. Ukiishia hapo utasema ilipungukiwa milioni 4.6, basi. Lakini hesabu ya sinema haiendi hivyo. Huu ni mwaka wa pili ninaishi nayo, kwa kuwa tasnifu yangu ya shahada ya uzamili inahusu fedha za filamu: nani anatoa, nani anarudishiwa, na nani anaamua kwamba hadithi fulani hailipi.

Fedha ya tiketi haiendi yote kwa mwenye filamu. Karibu nusu yake hubaki kwa mwenye ukumbi. Halafu ile bajeti ni ya kutengeneza tu: waigizaji, kamera, safari, uhariri. Matangazo yana mfuko wake, na mara nyingi mfuko huo ni mnene. Ndiyo maana wenye kazi hii husema filamu inapaswa kuuza tiketi za angalau mara mbili ya bajeti yake kabla haijaanza kupumua. Kwa kipimo hicho, Queen of Katwe ilihitaji milioni 30. Ilipata theluthi moja ya hizo na ushei kidogo.

Kwa Disney, waliotoa fedha, hiyo ilikuwa hela ya chai. Filamu zao nne zilizotoka mwaka huohuo zilivuka dola bilioni moja kila moja. Kwa hiyo hakuna aliyefilisika. Hilo lilinifanya nidhani kisa hiki ni chepesi, mpaka nilipomsimulia dada yangu.

Dada yangu ni fundi cherehani Mbagala. Anashona sare za shule, na nusu ya ada yangu imetoka kwenye sare hizo. Filamu tuliitazama pamoja kwenye kompyuta yangu: binti wa Katwe, Kampala, Phiona Mutesi, anayejifunza sataranji kwa kocha Robert Katende, na mama yake Nakku, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anayehangaika na kodi ya chumba. Ilipoisha nikamweleza hasara. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Sasa mdogo wangu, watu waliijua wakaikataa, au hawakuijua?"

Hilo ndilo swali zima la sura yangu ya nne, na yeye alilifikia bila kusoma kitabu hata kimoja.

Waliokwenda kuiona hawakuikataa. Marekani kuna kampuni ya CinemaScore inayowauliza watazamaji siku filamu inapofunguliwa, na hii ilipewa A+, alama ambayo filamu chache sana huipata. Ila ilionyeshwa katika kumbi elfu moja na mia mbili na kitu, wakati filamu kubwa ya kampuni hiyohiyo hufunguliwa katika kumbi zaidi ya 4,000. Na kati ya zile milioni 10.4, karibu 9 zilitoka Marekani na Kanada. Dunia nyingine yote, Uganda ikiwemo, ilichangia milioni moja na nusu hivi.

Hapo ndipo panaponiuma. Mtaani kwetu filamu huwafikia watu kwa flashi, au kwenye kibanda umiza, benchi limejaa na jenereta linanguruma. Mtu anaweza kulia, akacheka, akarudi nyumbani akatafuta ubao wa sataranji, na takwimu zisimwone kabisa. Mapato ya kumbi za sinema hupima watu walio karibu na ukumbi wenye mashine ya tiketi. Wanaofanana zaidi na watu wa Katwe ndio waliohesabiwa kidogo zaidi.

Ningeweza kuishia hapo niseme namba ni uongo. Wenzangu wengi darasani wangepiga makofi. Lakini namba hizo si uongo, na zina kazi. Meneja anayepelekewa hadithi nyingine ya mtoto wa Mwanza au Kisumu atafungua jedwali, ataona 15 na 10.4, atafunga faili. Mwaka 2018 ikaja Black Panther, bajeti karibu dola milioni 200, mapato zaidi ya bilioni 1.3, Lupita yumo pia. Tulifurahi, na haki yetu. Ila Wakanda ni nchi ya kubuni. Mwenye fedha anaweza kuondoka na somo kwamba Afrika inauzika ikiwa haipo kwenye ramani. Hasara ya Katwe hailipwi na faida ya Wakanda.

Kuna mahali katika filamu Nakku anauza nguo yake ya thamani ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea. Dada yangu alitikisa kichwa pale, hakusema neno. Ana daftari lenye jalada gumu. Upande mmoja anaandika oda, upande wa pili matumizi. Kila muhula kuna mstari mmoja: "ada ya mdogo wangu," na kiasi. Hakuna safu ya marejesho. Kwa miaka miwili amekuwa akisema atanunua mashine ya ovaloki, na kwa miaka miwili kazi ya ovaloki anaipeleka kwa jirani na kulipia.

Watu huniambia ndugu hawadaiani. Sitaki kujificha humo. Anayesema fedha si kitu mara nyingi ametumia za mwenzake. Ada yangu ilikuwa mtaji wa mtu, na kwa kipimo cha kawaida bado sijarudisha hata senti.

Kwa hiyo sura ya nne nimeiandika hivi: filamu ilipata hasara, na hasara hiyo ina uzito. Kisha nimeongeza jedwali la pili, la kumbi ngapi, wapi, na watu gani hawakuweza kuhesabiwa. Msimamizi wangu ameuliza kama jedwali hilo ni la lazima. Nimemjibu kwamba bila hilo, swali la dada yangu halina jibu.

Mashine ya ovaloki nimeulizia bei Kariakoo. Nimeiandika nyuma ya daftari langu mwenyewe, na safu ya marejesho nimeichora.