Ndani au Nje?

Watu husikia kwamba mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sabini na ushee, aliwahi kukesha akitengeneza ukurasa wa intaneti, nao hucheka. Siwalaumu. Nilipohitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, chombo chetu kikubwa cha kusambazia maandishi kilikuwa mashine ya stensili, na wino wake ulikaa vidoleni siku mbili. Hata hivyo, mkesha ule ulinifundisha jambo ambalo miaka zaidi ya 30 ya kushika chaki haikunifundisha. Ulinionyesha deni.

Mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kustaafu kwangu, sisi tuliosoma pamoja chuoni tulitaka ukurasa wa kuwekea majina yetu na habari za harusi na misiba. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa akisomea kompyuta. "Nitakuonyesha, Mjomba, lakini utaandika mwenyewe," alisema. Nikayatambua maneno yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia yeye alipoleta hesabu zake nyumbani.

Ukurasa ulikuwa na upana wa pikseli 700, yaani zile nukta ndogo za kioo cha kompyuta. Kushoto niliweka safu ya majina yenye upana wa 200, na kulia safu ya habari yenye upana wa 500. Mia mbili na mia tano ni mia saba. Ili majina yasibanwe, niliacha nafasi ya 20 kila upande ndani ya safu ya kushoto. Vipimo hivyo niliviandika kwa CSS, lugha ya kuiambia kompyuta jinsi ya kuupanga ukurasa. Katika Internet Explorer 6, kivinjari nilichokikuta katika maduka ya intaneti mjini kwetu, safu zilisimama bega kwa bega kama wanafunzi mstarini. Mpwa wangu alipoufungua ukurasa uleule kwa Firefox, safu ya habari iliporomoka chini ya majina.

Nilitafuta kosa usiku kucha. Niliipunguza safu ya habari hadi 460. Firefox ikatulia, lakini Explorer ikaacha pengo. Nilipotengeneza huku, kuliharibika kule.

Asubuhi mpwa wangu alinichorea sanduku. "Mjomba, kila kitu ukurasani ni sanduku. Ukisema upana ni 200, unapima ndani au nje?" CSS, aliyoipendekeza Håkon Wium Lie mwaka 1994 na ambayo W3C, chombo cha viwango vya wavuti, ilitangaza toleo lake la kwanza Desemba 1996, ilipima ndani. Upana ni wa yaliyomo peke yake, na nafasi ya pembeni huongezwa juu yake. Kwa hiyo 200 yangu ilikuwa 240. Internet Explorer 5 ilipima nje kwa nje. Toleo la 6 lilijua njia zote mbili. Ukianza ukurasa kwa mstari wa kutaja kanuni unayoifuata, lilipima kwa kanuni. Usipoandika mstari huo, lilidhani ukurasa ni wa zamani, likapima kizamani. Mimi sikuuandika. Tukauongeza, tukaandika 160 badala ya 200, na 160 na 40 zikawa 200 katika vivinjari vyote viwili.

Mpwa wangu alipiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa maana nilikuwa nimekumbuka masanduku mengine.

Mwaka 1984, nikiwa mwalimu mkuu kijijini, nilimwagiza fundi seremala masanduku sita ya vitabu, urefu sentimita 60. Vitabu vyetu vilihitaji 60 kamili. Fundi alipima nje. Mbao zilikuwa na unene wa sentimita 2, hivyo ndani zilibaki 56, na kitabu cha mwisho katika kila safu kikakataa kuingia. Nilimwita mbele ya walimu, nikamwambia hajui kusoma rula, nikakataa kumlipa. Alijibu maneno matatu tu: "Mwalimu, ulisema sitini." Kisha akayapakia masanduku kwenye mkokoteni. Mbao alikuwa amezinunua kwa fedha yake mwenyewe. Kwa miaka 22 nilikisimulia kisa kile kwa walimu vijana kama mfano wa uzembe.

Naam, fundi hakukosea. Nilisema sitini, akanipa sitini. Nilikidhani kipimo cha kichwani mwangu kuwa ndicho kipimo cha dunia nzima. Kila siku niliwaambia watoto kwamba kuuliza si ujinga, lakini fundi yule sikumwuliza hata swali moja.

Nilipofika kwake alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe, naye seremala, alinipokea: "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia marahaba, nikaona haya kuiitikia. Nilimweleza yote. Akanipeleka ghalani, akanionyesha sanduku moja lililojaa karanga. "Baba alisema hili ni sitini," alisema. Nililipa masanduku yote sita kwa bei ya mwaka ule wa 2006. Alizipokea fedha bila kuzihesabu, wala hakuniambia kwamba yamekwisha. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kuna sehemu ya deni ambayo aliyestahili kulipwa huondoka nayo.

Tangu siku zile CSS imeongezewa amri ya kumwachia mwandishi achague: apime ndani, au nje kwa nje. Wasanifu wengi wa leo huchagua nje kwa nje, njia ileile ya Explorer 5 iliyokuwa ikihesabiwa kosa. Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022. Mpwa wangu aliponipa habari hiyo nilimfikiria fundi. Kipimo chake kilikuwa halali siku zote, ila mwagizaji hakusema anapima wapi.

Siku hizi nikimwagiza fundi hata kigoda, huchora kwanza, kisha naweka mshale mahali pa kupimia. Mafundi hutabasamu. Nawaacha watabasamu.