Watoto Mbele ya Duka

Mkabala na shule tunakofundisha, hapa Katuba mjini Lubumbashi, kuna duka dogo la mama mmoja mjane. Anauza chumvi, sabuni, kalamu, biskuti na makala. Saa sita mchana wanafunzi wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, na wote wanakutana mbele ya meza yake. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure katika shule za umma mwaka 2019, jambo tulilolifurahia na tunalolifurahia hadi leo, idadi yao imezidi sana.

Siku moja mama huyo alitujia. Watoto wanasukumana, wanagonga meza, wanamtukana. Na sasa kopo la pipi limepotea. «Mwalimu, mnawafundisha nini watoto hawa?»

Tuliona haya, na haya ilituharakisha. Kesho yake tulipigisha magoti darasa zima juani. Mama alikuwa amemshuku kijana mmoja. Tukamtaja mbele ya wenzake kuwa ndiye mwizi. Alikuwa pia katika katekismu yetu, akijitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Tukafuta jina lake.

Duka lilitulia siku tatu. Siku ya nne fujo ilirudi kama kwamba hatukusema neno.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa njia ya Don Bosco, ya kukaa karibu na watoto ili kuzuia kosa kabla ya kuliadhibu. Wasalesiani wako katika mji huu tangu 1911, kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba hatukuisikia. Basi tuliomba ruhusa ya kusimama nyuma ya meza ile saa sita.

Tuliyaona matusi, ni kweli. Lakini tuliona pia mtoto mwenye franka 500 za kalamu akisubiri, na kila mtu mzima aliyefika nyuma yake akihudumiwa kwanza. Kengele inalia, mlango wa shule unafungwa, na anayechelewa anafagia uwanja. Adhabu hiyo tuliipendekeza sisi wenyewe katika mkutano wa walimu. Nani asingesukuma?

Tulikubaliana na mama awauzie watoto kwenye dirisha la pembeni, kwa mstari, na wanafunzi wawili wa mwaka wa sita wausimamie. Mkurugenzi alikubali mlango ungoje dakika kumi. Kelele hazikuisha, maana mtoto ni mtoto, lakini matusi yalipungua, na mama akaanza kuwaita wengine kwa majina yao.

Juma lililofuata, akihamisha magunia ya makala, mama alilikuta kopo lake. Pipi zilikuwa zote ndani.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana jioni ile ile. Baba yake alitutolea kiti; hatukuthubutu kukikalia. Tulimwomba mtoto msamaha mbele ya wazazi na wadogo zake, na siku ya Jumamosi tukarudia maneno hayo mbele ya wanakatekismu wote, kwa sababu tulimhukumu mbele ya watu. Alijibu tu: «Ndiyo, Mwalimu.»

Jina lake limerudi katika orodha. Anakuja kila Jumamosi, anakaa nyuma, karibu na mlango. Dukani hajaingia tena. Saa sita anapita upande wa pili wa barabara.