Mzinga Usio na Magurudumu

Mwaka jana nilikwenda Fort Jesus, Mombasa, na mpwa wangu wa miaka tisa. Akaukimbilia mzinga mmoja, akauegemea, akataka picha. Nikampiga. Kisha akauliza, "Mjomba, kitu kizito hivi walikibebaje?"

Mzinga ule ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg. Ilikuwa nayo 10 ya namna hiyo, mdomo wa kila mmoja sentimita 10.5, yote imetengenezwa ikae juu ya sitaha na kupiga baharini. Tarehe 20 Septemba 1914 mizinga hiyo iliiangamiza manowari ya Kiingereza, Pegasus, hapo hapo bandarini Zanzibar. Waingereza walijibu, lakini makombora yao hayakufika. Baadaye Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, hadi Julai 11, 1915, ilipopigwa vibaya na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Wajerumani wakaiopoa mizinga yote 10. Shida ni kwamba mzinga wa meli hauna magurudumu. Meli ndiyo miguu yake. Basi karakana za Dar es Salaam zikaiundia magari, na ikageuka kuwa mizinga mizito ya vita vya nchi kavu. Mmoja ulifika hadi Kahe, karibu na Kilimanjaro, na Wajerumani wakaulipua Machi 1916 walipokuwa wanarudi nyuma. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus wakaipeleka vitani. Yaani meli mbili zilizokwisha kufa ziliendelea kupigana porini, mbali kabisa na maji.

Nani aliivuta? Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, kwa hiyo kamba zilishikwa na watu, mamia kwa mzinga mmoja, matopeni na vilimani. Jina la nahodha wa Königsberg, Max Looff, nimelikuta kila niliposoma habari hizi. Jina la mshika kamba hata mmoja sijalikuta.

Na mimi nimezaliwa Kariakoo! Nimekua nikilitamka jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililopita kwenye ndimi za wazee wetu. Wapagazi wale walikuwa upande wa pili wa vita, kweli, lakini mzigo ni mzigo. Makumi ya maelfu ya wapagazi, wa pande zote mbili, walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Pale ngomeni nilimjibu mpwa wangu, "Walivuta watu." Akaniangalia kama namtania. Akaushika mzinga kwa mikono miwili, akausukuma kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. Akaacha, akajifuta jasho, na safari hii hakutaka picha.