Nani Kapanda Akapima?



Huku Litembo, asubuhi za baridi, wingu hushuka hadi mlangoni mwa msikiti. Siku moja kijana wa darsa akaniambia kwamba karibu na ncha za dunia kuna mawingu ya barafu yaliyo juu kiasi cha kilomita 83. Nikamkemea: "Nani kapanda akapima?" Wenzake wakacheka. Akainama.

Baadaye nikasoma. Satelaiti ya Marekani iitwayo AIM, iliyorushwa mwaka 2007, ilikuwa ikilitazama jua likichomoza au kuzama kwenye ukingo wa dunia. Mwanga ukipita ndani ya wingu hupungua. Na kwa kuwa mahali satelaiti ilipo panajulikana, na upande inaotazama unajulikana, hesabu hutoa kimo cha wingu. Hakuna aliyepanda.

Ndugu yangu, kutojua si aibu. Aibu ni kumfunga mdomo anayejua. Ijumaa nilimwomba kijana yule radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Nawe, kama kuna mtoto uliyemnyamazisha, mwendee leo.

Allah atuzidishie elimu na unyenyekevu. Aamin.